Haikuanzia Kwenye Kikombe cha Chai

Binti yetu alipokuwa na miaka minane alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu akiwa mdogo sana. Nilimkaripia. Usiku aliamka kwenda mtungini, akanywa maji kikombe baada ya kikombe. Sare ya shule ikaanza kumpwaya. Nilidhani ni minyoo. Kwenye zahanati walisema ni malaria, tukapewa vidonge. Siku ya tatu alikuwa akihema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva mno. Tulimkimbiza hospitali. Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akamwita daktari haraka. Ilikuwa kisukari aina ya 1.

Mtoto alipata nafuu, nikaugua mimi moyoni. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, ulimzidishia sukari kwenye chai." Mume wangu alinyamaza, nami nikauona ukimya wake kuwa hukumu. Kila andazi nililowahi kumpa likawa kosa langu.

Siku moja kliniki daktari alinikuta nikilia. Akachora kongosho nyuma ya karatasi. "Mama," alisema, "humu mna vikundi vidogo vya chembe, vinaitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyeviona mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa utabibu. Humo ndimo insulini inamotengenezwa."

Kisha akachora nukta nyingi kuvizunguka visiwa. Hizo, alisema, ni chembe nyeupe za damu, askari wanaopaswa kutulinda na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hukosea, wakawashambulia wenyeji. Hawavamii visiwa vyote kwa pamoja. Kimoja huharibiwa huku jirani yake kikiendelea na kazi. Ndiyo maana mtoto hucheza na kula kama kawaida kwa miezi, hata miaka, huku damu yake tayari ina kingamwili zinazoonyesha kwamba vita imeanza. Dalili hutokea visiwa vilivyobaki vinapolemewa.

"Kwa hiyo si chai?" niliuliza.

"Si chai, mama. Wala si wewe."

Jioni ile nilimweleza mume wangu. Akasema, "Mimi nilidhani ni damu ya ukoo wetu." Kumbe kila mmoja wetu alibeba mzigo wake peke yake, chini ya paa moja! Daktari alikuwa ameeleza kwamba urithi huchangia, lakini watoto wengi wenye urithi huo hawaugui.

Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya teplizumabu, inayowatuliza askari hao kabla dalili hazijatokea na kuchelewesha ugonjwa kwa miaka miwili hivi. Haiponyi, na kwa binti yetu wakati wake umepita. Yeye anaishi kwa insulini, ambayo mgonjwa wa kwanza alidungwa mwaka 1922. Tunaihifadhi kwenye chungu chenye ubaridi, na siku hizi mama mkwe ndiye anayekumbusha saa ya sindano.

Mama mwenzangu, ukiona mtoto ana kiu isiyoisha, anakojoa mno, anakonda na kuchoka, usimkaripie kama nilivyofanya mimi. Mpeleke siku hiyo hiyo, na uombe apimwe sukari. Ni tone moja tu la damu.