Tansio Mbele ya Kupasuliwa

Huku Kenya kwetu jamaa inaweza kutafuta feza miezi mitatu ili mama apasuliwe uvimbe, ao baba ngiri. Wanauza redio, wanakopa kwa shemeji, wanafika ku hospitali na matandiko yao. Asubuhi munganga anapima tansio: 19 juu ya 12. Anasema, «Leo hapana.» Basi, kelele! «Banatafuta feza ingine!» Neno hili ninalisikia sana nikitembelea wagonjwa. Tulizungumuze.

Tansio ikiwa juu sana, moyo unasukuma damu kwa kazi nzito. Dawa ya usingizi inaweza kuishusha gafula. Kisha, wakiingiza mpira wa pumzi mu koo, inapanda tena. Mwenye tansio ya siku nyingi havumilii kupanda na kushuka hivi. Moyo, ubongo na figo vinaweza kukosa damu palepale juu ya meza. Waganga wa Uingereza waliandika mpaka wao mu mwaka 2016: chini ya 180 juu ya 110, kwa hesabu yetu 18 juu ya 11, wanaweza kuendelea. Ikipita pale, na ugonjwa unaweza kungoja, wangoje. Lakini mama aliyeshindwa kuzaa, ao utumbo uliojifunga, hao hawangojeshwi.

Wengine wanauliza: juu ya nini wasimupe kinini ya nguvu asubuhi ile, tumalize? Mu mwaka 2008 ilitangazwa kazi iliyofanywa mu inchi 23, kwa wagonjwa zaidi ya 8000 wenye hatari ya moyo. Nusu walianzishiwa metoprolol, dawa ya kupunguza mwendo wa moyo, saa chache mbele ya kupasuliwa. Wenye kushikwa na moyo walipunguka, ni kweli. Lakini wenye kupooza na wenye kufa waliongezeka. Kwa hiyo tansio inashushwa polepole, majuma kazaa, na kinini kila siku, na makayabu kidogo (najua, ni tamu).

Halafu kuna jambo la «usile, usinywe». Wengi wanaacha hata kinini zao. Hapana, uliza kwanza munganga wa usingizi. Nyingi zinamezwa na maji kidogo asubuhi ile. Zingine yeye mwenyewe atazikataza. Kuacha gafula dawa kama ile metoprolol ni hatari kwa moyo.

Umubebee pakiti zote, hata dawa za mizizi. Na kama uliacha kinini juu feza ilikosekana, usione haya, mama. Mwambie muuguzi pembeni, mbele ya kulala juu ya meza.