Matembezi ya Idi Katika Mji wa Singida

Kila zinapokaribia siku za Idi, wazazi wa mji wetu wa Singida hutujia na swali moja: watoto wapelekwe wapi? Watu wa pwani wana bahari na viwanja vya sikukuu. Sisi tu watu wa bara, wa nchi ya mawe makubwa na upepo usiochoka. Jawabu letu tangu zamani ni kwamba Mwenyezi Mungu hakutunyima. Mji wetu umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na hahitaji mtu kupanda gari ili ayaone.

Basi siku ya pili ya Idi-el-Fitri tuliwakusanya wanafunzi wa chuo chetu, na baadhi ya mama zao, tukashuka hadi ukingoni mwa Singidani. Ziwa hilo kina chake ni kifupi, na maji yanapopungua wakati wa kiangazi chumvi hubaki ikang'aa juu ya udongo. Huko huja heroe, ndege wenye miguu mirefu na rangi ya waridi, ambao hula kwa kuinamisha kichwa na kupindua mdomo juu chini, wakiyachuja maji. Kijana mmoja alitaka kujua kama nyama yake ni halali. Tulimwambia amalize kwanza kuku aliyepewa na mama yake, maana kuku wa Singida hutafutwa hata Dar es Salaam.

Lakini hatukutoka kwa ajili ya kula na kutazama ndege tu. Chuoni kwetu marfaa ya mwisho ya zamani ilikuwa imevunjika, na misahafu ilikuwa ikiwekwa juu ya mito na magoti. Kwa hiyo baada ya sala ya adhuhuri tuliwaongoza watoto wote mpaka kwa seremala, wakaone kitu wanachokisomea kinatoka wapi.

Njiani tuliwauliza ni vitu gani vya mti vilivyomo nyumbani kwao. Wakataja kitanda, meza na mlango, wakanyamaza. Hakuna aliyekumbuka kinu na mchi, wala mwiko, wala mpini wa jembe, wala kigoda anachokalia bibi yake akipepeta mtama. Ndugu msomaji, jaribu kuwauliza wa kwako. Mababu wa Wanyaturu waliishi ndani ya tembe, nyumba ambayo hata paa lake la udongo hubebwa na miti. Nafaka zao waliziweka katika malindo ya magome, na asali waliivuna katika mizinga ya magogo yaliyotobolewa. Asali ingali ikivunwa hivyo sehemu za Manyoni na Itigi. Mtoto aliyezaliwa katika nchi hiyo kuhesabu vitu vitatu tu, kwetu lilikuwa jambo la kusikitisha.

Kwa seremala tulikaribishwa kwa salamu na maranda hadi vifundoni. Alikuwa na ubao mmoja mnene wa mninga, akawaonyesha watoto jinsi marfaa inavyozaliwa. Vipande viwili haviungwi kwa msumari wala kwa gundi. Fundi huchukua ubao ule ule mmoja, akapima sehemu ya bawaba, akachonga kwa patasi vidole vinavyopishana, vingine vya upande huu na vingine vya upande ule. Kisha huupasua ubao kwa msumeno katika unene wake, kutoka ncha ya juu hadi kwenye vidole, na kutoka ncha ya chini vivyo hivyo. Akiufungua, ubao uliokuwa mmoja huwa mbawa mbili zilizoshikana, wala haziachani mpaka zivunjwe. Akikosea kidole kimoja, kazi yote imekuwa kuni. Watoto walikaa kimya kuliko wakaavyo darasani, nasi twakiri tuliona wivu kidogo.

Aliyeshika patasi siku ile hakuwa fundi mwenyewe, bali mwanafunzi wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi na ambaye zamani alisoma juzuu amma kwetu. Mama yake alikuwa pamoja nasi katika matembezi. Alipomwona mwanawe amejaa vumbi la mbao alijitenga kando, akatuambia kwa sauti ya chini, "Maalim, sisi tulimtazamia akae ofisini. Baba yake akija mgeni hasemi mwanawe anafanya kazi gani."

Maneno hayo yalituuma, kwa sababu si ya nyumba moja. Tumeyasikia katika nyumba nyingi za Waislamu, nyumba zinazosoma kila siku habari za Mitume. Nabii Nuhu aliunda safina ya mbao na misumari. Nabii Zakaria, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, alikuwa seremala. Mimbari ya Mtume wetu S.A.W. ilichongwa na mtumwa wa bibi mmoja wa Kiansari, kwa mti uliokatwa katika mwitu wa karibu na Madina. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya jina la fundi huyo, lakini Mtume alisimama juu ya kazi ya mikono yake akawahutubia watu. Tulimwambia mama yule hayo yote. Tukamwambia pia kwamba hatusemi vijana waache shule: fundi asiyejua hesabu hukata ubao mara mbili, na mbao za siku hizi si za kuchezea.

Hapo seremala akadakia. Mninga haujipindi upesi na mchwa hawaupendi, ndiyo maana kila mtu autaka kwa vitanda na milango, na sasa hupatikana mbali na kwa bei ya kutisha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali kwa ukataji wake, na ni haki, kwani mti huo hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa kupasuliwa. Aliwaonyesha watoto tunda lake, duara lenye miiba katikati na ukingo mwembamba kama sahani, akawagawia wapande.

Tuliagiza marfaa sita kwa yule kijana, tukampa nusu ya fedha mbele ya mama yake. Wiki tatu baadaye alizileta, na aliyezibeba mpaka mlangoni pa chuo alikuwa baba yake. Hakusema mengi. Alifungua moja, akaifunga, akaifungua tena, akauliza kama bado twahitaji nyingine.

Miche kumi na mmoja ya mninga imeota nyuma ya chuo. Kiangazi kilipoingia yote ilikauka juu, watoto wakataka kuing'oa. Seremala amewakataza. Asema mninga mchanga hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini, na mvua ya kwanza ikinyesha huchipua upya. Tumezungushia miiba, mbuzi wasifike.