Tuzo ya muziki: Kipawa, umaarufu au kabila?

Hapa kwetu Tarasaa kuna ubishi ambao haujapata mwamuzi. Ulizuka pale mpwa wangu, kijana anayepiga gitaa na kuimba kwa Kipokomo, aliporudi mikono mitupu kutoka shindano moja la waimbaji. Washindi walichaguliwa kwa kura za simu. Sasa kijana anasema ataiacha lugha ya mama aimbe kwa Sheng. "Kipokomo hakina kura, mjomba," aliniambia.

Barazani watu wamegawanyika mafungu matatu. Wa kwanza wanashikilia kwamba chema chajiuza, basi aliyeshindwa aikague sauti yake. Wa pili wanasema hushinda yule anayejulikana, hata akilia kama chura wa mpungani. Wa tatu hawataki maneno mengi: ni kabila tu, na huko ng'ambo ni rangi.

Nimeyapima yote. Tuanze na kura. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wapokomo tulikuwa kiasi cha 112,000, nao Wakikuyu zaidi ya milioni 8. Hata kama kila Mpokomo, pamoja na mtoto mchanga, angetuma ujumbe, tungezamishwa kama mtumbwi wakati wa mafuriko ya Tana. Simlaumu mtu kwa kumpenda wa kwao. Nasi tungefanya vivyo hivyo. Lakini hapo kilichopimwa ni wingi, si wimbo. Wahenga walisema wengi wape. Hawakusema wengi ndio waimbao vizuri.

Basi tuwaachie wataalamu? Tuzo za Grammy za Marekani hazipigiwi kura na mashabiki, bali na watu wenyewe wa kazi ya muziki. Lakini tangu Lauryn Hill aipate tuzo ya albamu bora mwaka 1999, hakuna mwanamke mweusi mwingine aliyeichukua kwa albamu yake hadi Beyoncé mwaka 2025. Na Beyoncé huyo, tangu 2023, alikwisha wapita wasanii wote katika historia kwa wingi wa Grammy! Anayesema rangi haina lake hapo ana kazi ya kutueleza. Jaji naye ana masikio, na masikio hayo yamelelewa mahali fulani.

Hata hivyo sikubali kwamba kabila ndilo mwisho wa maneno. Ushahidi wangu umetoka papa hapa mtoni. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, watu watano walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hapakuwa na Mpokomo kati yao. Lakini sauti waliyoichagua ni ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto, na Mzee Meza Galana wa Tana River ndiye anayetajwa kuwa aliwaimbia. Kama nchi nzima ingepigishwa kura, nani angetukumbuka sisi wa huku? Watu watano walisikiliza wimbo, hawakuhesabu vichwa. Leo Wakenya wote husimama wima kwa sauti hiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kipawa hushinda pale tu palipo na mtu wa kukisikiliza. Wanaoandaa mashindano watenge tuzo mbili. Ya kura waiite kwa jina lake, tuzo ya kipenzi cha watu, na hakuna atakayenung'unika. Ya ubora waipe majaji wanaotoka pande mbalimbali, watangaze alama hadharani na waseme kwa nini. Na mtu akiimba kwa Kipokomo, Kiorma au Kigiriama, awepo jaji mmoja anayeelewa kinachoimbwa.

Mpwa wangu nimemwambia aimbe Sheng akipenda, maana kijana lazima ale, na gitaa halina kabila. Lakini asiutupe wimbo wa bibi yake kwa sababu ya kura za simu. Lugha ikikosa waimbaji, hata jaji mwadilifu atakosa cha kusikiliza.

Je, wewe msomaji, kijana wako angekuuliza, ungemjibuje?