Mpaka kama Mandhari: Safari ya Siku Moja kutoka Homa Bay hadi Shirati

Wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki tumezoea kuzigawa kazi za fasihi kwa kufuata mipaka ya nchi. Katika idara zetu kuna somo la riwaya ya Kenya na somo la riwaya ya Tanzania. Ugawaji huu una manufaa yake, kwani sera za lugha na historia ya uchapishaji katika nchi hizi mbili hazikufanana. Hata hivyo, mpaka unapotumiwa kama kigezo cha uhakiki, huelekea kuchukuliwa kuwa ni mstari mtupu usiokaliwa na mtu. Katika makala haya nakusudia kuutazama mpaka kama mandhari, yaani mahali ambapo watu huishi, husema na hukata mashauri. Mfano wangu wa kwanza ni riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1966. Mfano wa pili ni safari ambayo mimi na mke wangu tuliifanya mwezi Desemba 2023, kutoka Homa Bay hadi kwao Shirati, wilaya ya Rorya, mkoani Mara. Msomaji ataniwia radhi kwa kuichanganya riwaya na mambo ya nyumbani. Nadhani kila kimoja kinakifafanua kingine.

Maudhui ya riwaya hiyo yanafahamika. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika, kwa kuwa Ochola amevutwa na habari za ardhi pana yenye rutuba. Nyapol hapendi safari hiyo. Huko ugenini wanapata mali. Kisha jirani yao, mzee mwenye ujuzi wa dawa, anamwonea Ochola wivu, na ngozi ya Ochola inaota miiba. Hatimaye wanalazimika kurejea walikotoka. Imezoeleka kumsoma Nyapol kama mfano wa mke mtiifu anayefuata uamuzi wa mumewe, na kuisoma riwaya nzima kama onyo dhidi ya tamaa. Masomo haya yote mawili yana ushahidi katika matini, lakini yanauacha mpaka wenyewe bila kuusemea.

Mpaka huo una historia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuchora mstari kutoka pwani, upite kaskazini ya Kilimanjaro, na kuishia pale ambapo latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta inakutana na ufuo wa mashariki wa ziwa. Mkataba wa 1890 ukauendeleza mstari huo ndani ya maji. Wakuria wakajikuta pande mbili, na Wajaluo vivyo hivyo. Baada ya uhuru mstari ulibaki, na Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo mama mkwe wangu alikuwa na dada aliyeolewa upande wa Migori, nao walitembeleana kwa njia za panya, usiku, kila mmoja akiwa amebeba zawadi ndogo isiyoweza kuitwa magendo.

Tuliondoka Homa Bay alfajiri, mlima Asego ukiwa bado umefunikwa na ukungu. Kituoni mama muuza ndizi alimwita mke wangu kama anavyoitwa na majirani wote tangu nimwoe: Nyar Shirati, binti wa Shirati. Katika desturi ya Wajaluo mke hutambulishwa kwa mahali alikotoka. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na mhakiki. Kwa miaka zaidi ya thelathini mke wangu amebeba katika mji wa Kenya jina la mji wa Tanzania, wala hakuna aliyeliona kuwa la kigeni. Kwa muuza ndizi yule, Shirati ni mahali pa kuoa, kama vile Kendu Bay au Karungu.

Matatu ilitufikisha Rongo, nyingine ikatupitisha katika mashamba ya miwa ya Awendo. Tukiwa njiani kuelekea Migori tulizungumza juu ya riwaya hii, kwani nilikuwa nimebeba nakala yake kwa ajili ya wanafunzi wangu. Mke wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na husoma kwa makini kuliko wengi wetu.

"Mwalimu," aliniambia, "ninyi mnasema Nyapol anamfuata mumewe tu. Mbona ndiye peke yake anayehesabu kinachoachwa nyuma? Ochola anahesabu kinachopatikana."

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu kondakta alikuwa akidai nauli, na kwa sababu nilijua kwamba siku hiyo na sisi tulikwenda kuhesabu.

Tulikwenda kumwomba mama yake ahamie kwetu. Macho yake yameanza kufifia, miguu inavimba, na wanawe wa kiume wametawanyika Mwanza na Dar es Salaam. Homa Bay tuna nyumba ya matofali na hospitali iliyo karibu. Hoja zote zilikuwa upande wetu.

Anayesafiri njia hii kwa masikio yaliyo wazi atatambua jambo ambalo ramani haionyeshi. Kutoka Homa Bay hadi mji wa Migori lugha inayosikika zaidi ni Dholuo. Ukikaribia Isebania unaingia kwa Wakuria, na Kikuria kinaendelea kusikika ng'ambo ya pili, Sirari na Tarime. Ukiteremka kuelekea Utegi, Dholuo inarudi. Kwa hiyo zipo sehemu mbili ambapo lugha hubadilika, na hakuna hata moja iliyokaa juu ya mpaka wa serikali. Kinachobadilika mpakani hasa ni Kiswahili chenyewe, na zaidi ni adabu yake. Isebania mtu husema "nipe chai". Hatua chache mbele, Sirari, husema "naomba chai". Isebania kijana alinisalimu kwa "habari ya asubuhi". Sirari kijana wa rika lilo hilo aliniambia "shikamoo". Maafisa walitazama pasi zetu, wakaomba kadi za chanjo ya homa ya manjano, wakagonga mihuri. Mke wangu, aliyezaliwa mwendo wa saa chache kutoka hapo, aliulizwa madhumuni ya kuingia Tanzania. Alijibu, "Kumsalimu mama."

Tulifika Shirati baada ya saa tisa. Mama alikuwa ameketi kivulini, karibu na kaburi la mumewe lililo mbele ya nyumba. Nilisimama mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na safari."

Ikumbukwe kwamba sote watatu ni Wajaluo. Mke wangu alizungumza na mama yake kwa Dholuo tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilisemeshwa kwa Kiswahili, kama siku zote. Mama alijifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya watu wazima yaliyoenea baada ya Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Kiswahili chake ni cha darasa hilo: safi, cha polepole, chenye sentensi zilizokamilika. Zamani niliona ajabu kwamba hanisemeshi lugha yetu. Siku hizi naona kwamba Dholuo ingetukaribisha mno. Baina ya mkwe na mkwe hutakiwa nafasi, na Kiswahili ndicho kinachompa nafasi hiyo. Tumezoea kukieleza Kiswahili kama lugha inayowaunganisha watu wasioelewana. Hapa kinawatenga kwa heshima watu wanaoelewana kabisa.

Mke wangu aliyasema yaliyotuleta. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Nimesikia, baba, na ninashukuru. Lakini nikifia huko, huyu mzee wangu aliyelala hapa atalala na nani? Na mtanirudisha kwa kadi gani?"

Hakukuwa na jibu. Kwa mila mwanamke huzikwa katika boma la mumewe, na maiti inayovuka mpaka huhitaji vibali, jeneza la namna fulani, gari na fedha. Mama aliyekuwa akivuka usiku bila karatasi alizijua karatasi hizo kuliko sisi. Mke wangu alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa Dholuo kwamba atabaki naye hadi masika. Hakuniuliza, wala sikuona kwamba ilimpasa kuniuliza. Usiku nililala katika nyumba ya wageni senta, na asubuhi nikapanda gari peke yangu.

Kutokana na hayo naona kwamba usomaji wa Nyapol kama mke mtiifu hautoshi. Katika muundo wa riwaya ya Ogot, Ochola anauona mpaka kama mlango wa mali, ilhali Nyapol anauona kama deni ambalo lazima lilipwe na mtu fulani: mama aliyeachwa, ndugu wasiozikana, watoto wanaokulia mbali na nyumba ya babu yao. Miiba inayoota katika ngozi ya Ochola ni deni hilo likidaiwa mwilini. Nyapol hana haja ya kuota miiba, kwa maana hesabu yake aliifanya kabla ya kuondoka.

Itafaa basi wahakiki wa ukanda huu wa ziwa wasiulize tu iwapo kazi fulani ni ya Kenya au ya Tanzania. Waulize pia nani katika kazi hiyo anavuka, nani anabaki, na gharama ya kuvuka inaandikwa kwa jina la nani. Mihuri miwili katika pasi ya mke wangu inasema kwamba aliingia Tanzania kama mgeni wa siku chache. Majirani zangu wa Homa Bay, wanaponiuliza habari zake, hunijibu wenyewe kabla sijafungua kinywa: Nyar Shirati yuko Shirati.