Mchaichai wa Makaa ya Mwisho

Kwetu Muheza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, chai ya usiku haikuwashiwa moto wake. Ilisubiri jiko la mkaa limalize maharage na ugali, ndipo bibi akabandika sufuria juu ya makaa yaliyobaki. Tuliiita chai kwa mazoea tu, maana majani ya chai hayakuwamo. Ulikuwa mchaichai mtupu, kutoka kwenye kichaka kilichostawi pale maji ya bafuni yalipotokea.

Majani ya chai hayakuwa mbali. Juu yetu kulikuwa na Amani, ambako chai ililimwa tangu enzi za Wajerumani. Lakini jua likishazama bibi hakutaka kuyaona. Alisema yanafukuza usingizi. Alisema kweli. Yana kafeini, na saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake bado imo mwilini. Mchaichai hauna hata chembe.

Majani ya mchaichai ni makali, yanachana vidole vya asiyejua kuyashika. Bibi aliyakata kwa chini, akayasuuza vumbi, akayakunja na kuyafunga fundo ili yasitapakae sufuriani. Kisha kifuniko. Hapo ndipo penye ufundi: harufu yake imo kwenye mafuta yanayopaa na mvuke, ukiacha wazi unamnukishia jirani, wewe unabaki na maji ya moto.

Sukari ilikuwa habari nyingine. Baada ya vita vya Kagera bidhaa ziliadimika, hata mwaka 1983 Serikali ikaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mtaani kwetu sukari ilikuja kwa mgawo kupitia balozi wa nyumba kumi, na bibi aliiweka kwa ajili ya uji wa asubuhi. Usiku tulikunywa kavu, tukinung'unika. Leo sukari ipo kila duka, nami bado nakunywa kavu, tena kwa hiari.

Makaa yale hayakuwa na haraka. Maji yakisubiriwa kutokota, watoto waliogeshwa, mikeka ikatandikwa, ugomvi wa mchana ukasuluhishwa. Wadogo walisinzia kabla kikombe hakijawafikia, na hakuna aliyewaamsha.

Nilipohamia Dar es Salaam nilipikia jiko la mafuta ya taa, baadaye gesi, ule mtungi wa kilo 6. Mkaa siulilii, moshi wake naujua machoni na kifuani. Sasa nyumbani kuna jagi la umeme, na binti yangu hanielewi.

"Mama, si uchemshie kwenye jagi? Dakika mbili tu."

Dakika mbili ndiyo kasoro yenyewe. Mtu aliyetoka kugombania daladala Mbagala hatulii kwa dakika mbili. Kwa hiyo nabandika sufuria, nafunika, napunguza moto wa gesi hadi mwisho, simu naiacha chumbani. Nikimaliza kukunja nguo, mchaichai uko tayari.

Vile vifuko vya dukani nimevionja: harufu hafifu, bei kubwa. Usihangaike navyo. Mwombe jirani shina moja lenye mizizi, lipande hata kwenye ndoo iliyotoboka, liweke juani na ulimwagilie. Likishashika, hutanunua mchaichai tena.