Hodi Isiyobishwa

Kwetu visiwani mgeni hubisha hodi mara tatu; asipoitikiwa, hurudi. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani iliweka hadharani, kwa ajili ya watafiti, maswali yapatayo milioni 20 ambayo watu wapatao 650,000 waliyauliza mtandaoni katika miezi mitatu. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa nambari. Siku chache baadaye waandishi wa The New York Times waliyafuata maswali ya nambari moja hadi mlangoni kwa mjane mmoja. Wakabisha hodi hali wamekwisha kuingia.

Niliwalaumu. Kisha nami, katika utafiti wangu, nikakabidhiwa kumbukumbu za kompyuta za maktaba moja, nichambue mazoea ya wasomaji. Nambari moja iliuliza juu ya uvimbe wa titi, nauli ya boti, na mahali pa kulala karibu na hospitali. Jina halikuwamo, mtaa na siku ya safari vilinitosha.

Asubuhi nilimwamkia jirani yangu. Akaniitikia kwa bashasha, "Marahaba, mwanangu," nami nikatazama chini. Siri yake hakunipa. Niliichukua, na kuirudisha sikuweza.