Maneno ya Chini ya Stakabadhi

Msomaji, ukipata nafasi itazame stakabadhi yoyote uliyopewa dukani, iwe ya Jogoo Road, ya Buruburu au ya Kayole. Juu utaona jina la duka. Katikati utaona kitu kilichonunuliwa na bei yake. Na chini kabisa, aghalabu kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, huenda ukakuta sentensi moja fupi: bidhaa zikiisha kuuzwa hazirudishwi. Sentensi hiyo ni ndogo kama mchwa, na kazi yake ni ile ile ya mchwa. Imekula akiba za watu wengi katika mitaa yetu ya Eastlands, nao wameiacha ile kwa kuwa hudhani kila kilichopigwa chapa ni sheria.

Jirani yangu mmoja wa Umoja, mama wa watoto wanne, aliweka fedha katika chama kwa muda wa miezi 14 ili anunue jokofu, au friji kama tusemavyo mitaani. Hakulitaka kwa fahari. Alikuwa akiuza maziwa, na maziwa yasiyolala mahali pa baridi hayangoji kesho. Jokofu lilifika likiwa jipya, jeupe, limefungwa katika boksi lake. Usiku wa kwanza lilinguruma. Siku ya tatu lilikuwa likinguruma bado, lakini ndani yake palikuwa na joto kama la kabati. Lita 20 za maziwa zilichacha.

Aliporudi dukani, muuzaji hakumtukana. Alimwonyesha tu kwa kidole maneno ya chini ya stakabadhi, akasema, “Mama, si unajua kusoma?” Kisha akampa shauri la kutafuta fundi wa kutia gesi, kwa gharama yake mwenyewe. Adabu ya namna hiyo huumiza kuliko tusi, maana humfanya mwenye haki ajione mkosaji.

Sasa tuyapime maneno hayo kwa mizani ya sheria. Kenya ilirithi tangu zama za ukoloni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo husema kwamba mfanya biashara auzaye bidhaa za namna fulani hana budi kutoa bidhaa zenye ubora ustahilio soko. Walakini iliacha mlango wazi: muuzaji na mnunuzi waliweza kupatana kuliondoa sharti hilo. Mlango huo ndio uliopitiwa na sentensi yetu kwa miaka mingi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, ikampa kila mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata kitu chenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Baadaye Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikaufunga mlango wenyewe. Muuzaji huhesabiwa kuwa amekidhamini alichokiuza, hata akikaa kimya. Na mapatano yoyote yanayojaribu kuifuta dhamana hiyo ni batili.

Wako wauzaji ambao wakishindwa hapo humsukumia lawama mtengenezaji. Mtengenezaji naye ana jukumu lake, na jambo hilo lilikatwa zamani, mwaka 1932, katika mahakama kuu ya Uingereza, kwa ajili ya mwanamke wa Scotland aliyeitwa May Donoghue. Alidai kwamba aliugua kwa kunywa soda ya tangawizi yenye konokono aliyeoza ndani ya chupa. Soda ilinunuliwa na rafiki yake, si yeye. Hata hivyo mahakama iliamua kuwa mtengenezaji ana wajibu kwa mtu atakayekitumia kitu chake. Lakini jukumu la kiwanda halimwondolei mwenye duka la kwake. Fedha alizipokea yeye.

Isidhaniwe kuwa mnunuzi hushinda daima. Sheria haimwokoi aliyebadili nia baada ya kufika nyumbani, wala aliyeonyeshwa ufa akaununua kwa bei ya ufa, wala aliyelisafirisha jokofu kichwa chini juu ya mkokoteni. Na mtu akimwita fundi akifungue kitu kabla muuzaji hajakiona, ampa muuzaji neno la kusema.

Jirani yangu alinitaka tuandike barua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: tarehe ya kununua, bei, kasoro na siku ilipoonekana, na ombi la kubadilishiwa au kurudishiwa fedha katika siku saba. Tulitia nakala ya stakabadhi. Yenyewe ikabaki kwake. Barua hiyo haikujibiwa. Ya pili iliitaja Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa kwanza Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hutakiwa kukata shauri katika siku 60, na mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Siku mbili baadaye gari lilileta jokofu jingine.

Maziwa yaliyochacha hayakulipwa na mtu. Jirani yangu alichoka, akaacha. Mimi naona hakupaswa kuacha, kwa kuwa Katiba yenyewe yataja fidia. Lakini aliyekuwa akiamka saa kumi za usiku kwenda kuchukua maziwa alikuwa yeye, si mimi.

Lililo gumu zaidi ni la wale wanunuao pasi na majiko yaliyokwisha kutumika, kule Gikomba na vibandani kando ya barabara, ambako stakabadhi ni nadra. Haki haipotei kwa kukosa karatasi, bali ushahidi hupungua. Hapo afadhali kitu kichomekwe katika umeme mbele ya macho yako, na malipo yapite kwa M-Pesa, kwa maana ujumbe wake huonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Jirani yangu huunakili kila ujumbe wa namna hiyo katika daftari la mauzo ya maziwa, kwa sababu simu nazo huibwa.